Malalamiko ya Gazeti la Walowezi na Nguvu ya Mkulima wa Usukuma

Mwaka 1899, mjini Dar es Salaam, Mjerumani aliyeitwa Willy von Roy alianza kuchapa gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung. Liliandikwa kwa Kijerumani na Wajerumani, kwa ajili ya Wajerumani, na lilidumu mpaka mwaka 1916 vita vilipoung'oa utawala uliolilea. Mtu wa Shinyanga, wa Kahama, wa Ushirombo au wa Uzinza, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo ndani ya Mkoa wa Geita, hakuweza kulisoma, wala halikuandikwa ili alisome. Kwa sababu hiyo wengi wanaoandika historia ya Kanda ya Ziwa hulipita bila kuligusa, wakiona kwamba ni mambo ya pwani na ya wageni. Mimi naona vingine. Gazeti hilo, pamoja na mwenzake wa Tanga, Usambara-Post, lilizungumza juu ya watu wa magharibi mwa koloni mwaka hadi mwaka, na karibu kila lilipowazungumza lilikuwa linalalamika. Dai langu ni kwamba malalamiko hayo ni miongoni mwa ushahidi mzito tulio nao wa jambo ambalo vitabu vya shule hulisema kwa haraka mno: kwamba chini ya utawala wa Wajerumani mkulima wa Usukuma na Unyamwezi alibaki na uwezo wa kukataa, na kwamba uwezo huo ulibadili sera ya serikali, njia ya reli na hata uhai wa gazeti lenyewe.

Tuanze na wasomaji wake. Hesabu ya mwaka 1913 iliwapata Wazungu 5,336 katika koloni lote, wakiwamo maofisa, askari, wamisionari, wafanyabiashara, wenye mashamba, wanawake na watoto. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni saba. Wazungu wenye mashamba, ambao ndio waliokuwa roho ya gazeti, walikuwa mamia tu, na wengi wao waliishi Usambara, Tanga, Kilimanjaro na kandokando ya reli. Humo gazetini walipata ratiba za meli, bei za katani na mpira katika soko la Hamburg, matangazo ya maduka na hoteli, habari za Ulaya zilizofika kwa simu ya maandishi, na kwa miaka ya mwanzo matangazo rasmi ya serikali pia, kwa sababu koloni halikuwa na mitambo mingi ya uchapaji. Ukichukua idadi peke yake, hili lilikuwa gazeti la kijiji. Lakini kijiji hicho kilikuwa na ndugu Berlin. Habari ya Dar es Salaam ilisafiri kwa meli, ikachukuliwa na magazeti ya vyama vya ukoloni nchini Ujerumani, ikasomwa na wabunge waliokuwa wakipitisha bajeti ya koloni, kisha ikarudi Afrika Mashariki ikiwa swali ambalo gavana alitakiwa kulijibu. Sauti ya mlowezi mmoja wa Usambara ilisikika mbali kuliko sauti ya mtemi mwenye watu maelfu.

Jambo lililoisumbua jamii hiyo kuliko yote lilikuwa vibarua. Mashamba ya kahawa, kisha ya katani na mpira, yalifunguliwa mahali ambapo wenyeji walikuwa na mashamba yao wenyewe na hawakuona sababu ya kuyaacha. Washambaa waliishi juu ya milima yenye rutuba. Kazi ya mchana kutwa kwenye shamba la Mzungu haikuwapa kitu walichokikosa. Serikali iliweka kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa mwaka, na mojawapo ya matumaini yake ilikuwa kwamba kodi ingewasukuma watu kutafuta fedha. Katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, mwaka 1907 wakuu walikwenda mbali zaidi: kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, la sivyo apelekwe kazi za serikali. Hata hivyo haikutosha. Macho ya walowezi yakageukia magharibi, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, kwa sababu hao walikuwa na sifa ya muda mrefu. Kwa vizazi kadhaa kabla ya Wajerumani, vijana wa Unyamwezi na Usukuma walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo na kurudi na vitambaa, shanga na majembe. Safari ya pwani ilikuwa kwao alama ya utu uzima. Watu waliozoea kwenda mbali kutafuta ujira walionekana machoni pa mlowezi kuwa ghala la nguvukazi lisilo na mwisho, na kilichobaki ni serikali kulifungua.

Ghala hilo halikufunguka kama walivyotaka, na sababu yake iko Mwanza. Mwaka 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli za ziwani zikaiunganisha na bandari ya Mwanza. Ghafla mkulima wa kusini mwa Ziwa Viktoria akawa karibu na soko la dunia kuliko mkulima wa Dodoma au wa Songea. Wafanyabiashara Wahindi wakasogea bara na mizani zao; wakanunua ngozi, samli, karanga, mpunga, na baadaye pamba. Ng'ombe waliokuwa wameteketezwa na sotoka katika miaka ya 1890 walikuwa wameanza kuongezeka tena katika mbuga za Shinyanga. Mtu aliyekuwa na magunia ya karanga au fahali wa kuuza aliweza kulipa rupia zake za kodi bila kuvuka Mto Wami. Ndiyo maana nasema kodi ilikuwa silaha yenye makali upande mmoja tu: ilimlazimu mtu apate fedha, lakini haikumwambia azipate wapi. Mahali palipokosa soko, kodi ilimtoa mtu nyumbani. Mahali palipopata soko, kodi ilimfanya apanue shamba.

Mtawala aliyeliona hilo mapema alikuwa Albrecht von Rechenberg, gavana kuanzia mwaka 1906. Hakuwa mgeni: alikuwa amewahi kufanya kazi koloni hilo katika miaka ya 1890, akawa konsuli Zanzibar, na alikijua Kiswahili. Alipokea nchi iliyokuwa bado inafuka moshi wa Vita vya Maji Maji, na somo alilolipata kusini lilikuwa wazi kwake, kwamba kumsukuma Mwafrika afanye kazi kwa nguvu kunaigharimu serikali zaidi ya faida yoyote ya shamba. Hesabu yake ilikuwa ya kiserikali wala haikutokana na huruma: mapato ya koloni yangekua haraka zaidi ikiwa mamilioni ya wakulima wangelima na kuuza, kuliko mamia ya walowezi kulimiwa. Kutokana na hesabu hiyo aliitaka reli ya kati iende Tabora, penye watu wengi, badala ya fedha zote kumwagwa katika reli ya kaskazini iliyoyahudumia mashamba ya Wazungu. Mwaka 1907 Bernhard Dernburg, waziri wa makoloni wa Ujerumani, alipokuja kuitazama nchi, alipitishwa pia Mwanza na Tabora. Hapo kati ya miji hiyo miwili ndipo ilipo nchi ya Shinyanga. Aliona biashara ya ziwani kwa macho yake. Aliporudi Berlin aliwaambia wabunge kwamba inatia picha mbaya kuwaona Wazungu wengi wa huko wakitembea na viboko mkononi, na akaunga mkono reli ya Tabora.

Kwa gazeti la Dar es Salaam hilo lilikuwa tangazo la vita. Kuanzia hapo ugomvi wake na gavana ulitoka kwenye hoja ukaingia kwenye chuki. Rechenberg aliitwa adui wa Wazungu, mtu aliyewapendelea Waafrika na Wahindi. Serikali nayo ikachukua hatua: kazi ya kuchapa matangazo rasmi, ambayo ilikuwa nguzo ya mapato ya von Roy, ilitolewa mikononi mwake, na mwaka 1908 likatokea gazeti jingine mjini, Deutsch-Ostafrikanische Rundschau, lililokuwa upande wa gavana. Mwaka 1909 zikatoka sheria za ajira zilizowataka mawakala wa kusaka vibarua wawe na leseni, mikataba iandikwe, na makamishna wa kazi wasimamie malipo na makazi ya vibarua. Kwa kipimo cha leo sheria hizo zilikuwa dhaifu, na kiboko kilibaki halali mikononi mwa maofisa. Lakini kwa walowezi zilikuwa tusi. Ugomvi uliishia mahakamani mwaka 1910, baada ya tuhuma za aibu kutolewa hadharani juu ya maisha binafsi ya gavana; von Roy akatiwa hatiani kwa kukashifu. Rechenberg mwenyewe hakudumu. Mwaka 1912 nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na Heinrich Schnee. Inasikitisha kwamba historia ya gazeti hili husimuliwa zaidi kwa kashfa hiyo, kana kwamba mabwana wawili wa Dar es Salaam waligombana kwa sababu ya tabia zao, ilhali kiini cha ugomvi kilikuwa jasho la watu waliokuwa mamia ya kilomita kutoka hapo, ambao hakuna aliyewauliza.

Baraza la Gavana, lililoanza mwaka 1904 ili kuwapa Wazungu wasiokuwa maofisa nafasi ya kushauri, halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Kwa hiyo tukitaka kujua mtu wa Busiya, wa Usanda au wa Uzinza alikuwa na maoni gani kuhusu kazi ya mashambani, hatuna hotuba yake ya kusoma. Tuna matendo yake, na matendo hayo yameandikwa na adui yake. Hapa ndipo gazeti la walowezi linapokuwa na thamani. Kila lilipolia kwamba vibarua hawapatikani, lilikuwa linashuhudia kwamba kuna watu waliobaki makwao. Lilipolia kwamba ujira unapanda, lilikuwa linashuhudia kwamba kuna watu waliokataa ujira wa zamani. Lilipowalaumu Wahindi kwa kuwaharibu Waafrika kwa biashara, lilikuwa linakiri kwamba Mwafrika alikuwa na kitu cha kuuza na mtu wa kumuuzia. Na lilipoitaka serikali iwalazimishe watu, lilikuwa linakubali kwamba bila kulazimishwa hawaji. Mtu anayelalamika kwa miaka kumi na saba kuhusu jambo lilelile anatueleza kwamba kwa miaka kumi na saba hakulipata.

Najua kuna jibu la haraka kwa hoja hii. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Gazeti la walowezi lilikuwa na sababu zote za kukuza shida zao ili wapate msaada wa serikali, na kilio cha uhaba wa vibarua ni kilio cha kila mwajiri duniani. Ni kweli, na ndiyo maana gazeti peke yake halitoshi. Lakini halisimami peke yake. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, ikiifuata sera ambayo gazeti liliipinga. Serikali isingetumia mamilioni ya maki kwenda kwa watu wasiokuwa na kitu cha kusafirisha. Biashara ya Mwanza kupitia Kisumu haikuwa uvumi, na iliwakera maofisa wa Kijerumani wenyewe kwa sababu faida ya usafirishaji iliingia kwenye hazina ya Waingereza. Mwaka 1914 wahandisi walishaanza tawi jingine la reli kutoka Tabora kuelekea Ruanda, kwa matumaini yaleyale ya kuwafikia wakulima wengi, likakatizwa na vita. Kilio cha gazeti, nyayo za reli na hesabu za forodha vinaelekea upande mmoja. Ushahidi wa mshtaki mwenye chuki huwa na uzito zaidi pale anaposema jambo linalomuumbua, na hakuna lililomuumbua mlowezi kama kukiri kwamba mtu aliyemwita mvivu alikuwa na shughuli zake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalipa heshima. Wanyamwezi na Wasukuma walikwenda. Walikwenda kwa maelfu. Kufikia mwaka 1913 watu wapatao 172,000 walikuwa katika kazi ya ujira koloni zima, zaidi ya nusu yao kwenye mashamba ya Wazungu, na hakuna sehemu iliyotoa wasafiri wengi wa mbali kuliko magharibi. Wengine walikufa kwa malaria, kwa kuhara na kwa kazi ya kujenga reli. Wengine walidanganywa na mawakala waliowaahidi kazi ya karibu kisha wakawapeleka Tanga. Wengine walikabidhiwa na watemi waliopewa kitu kidogo kwa kila kichwa. Je, tunawezaje kusema kwamba walikuwa na uwezo wa kukataa? Sisemi kwamba kila mtu alikuwa nao. Kijana asiye na ng'ombe, mtu wa sehemu iliyopigwa na ukame, mtu wa kijiji chenye jumbe mkali, hao walikuwa na mlango mmoja tu. Ninachosema ni kwamba eneo kwa ujumla lilikuwa na milango miwili, na uwepo wa mlango wa pili ulibadili masharti ya wa kwanza. Wengi walikwenda kwa mtindo wao wa zamani wa misafara, wakiwa kundi la watu wa kijiji kimoja chini ya kiongozi wao, wakafanya kazi kwa muda, wakarudi kulima au wakaanzisha vitongoji vyao karibu na mashamba. Shamba lenye sifa mbaya lilikimbiwa, na habari zake zilifika nyumbani kabla ya wakala kurudi. Mwajiri aliyetaka mtumwa alipata mtu mwenye kumbukumbu na ndugu. Kulifuta hilo kwa ajili ya kueleza ukubwa wa dhuluma ni kuwapunja watu wale mara ya pili.

Tukigeukia dhahabu tunaona jambo lilelile likijirudia kwa sura nyingine. Wajerumani walijua tangu miaka ya 1890 kwamba miamba ya kusini mwa Ziwa Viktoria ina dhahabu, na watafutaji wao walipita Uzinza na maeneo mengine ya ziwani wakivunja mawe ya kwaziti. Lakini mgodi wa kwanza wa maana haukufunguliwa Geita. Ulifunguliwa Sekenke, katika nchi ya Iramba, kusini-mashariki ya Shinyanga, ukaanza kuzalisha mwaka 1909 chini ya kampuni ya Kironda. Kwa gazeti la Dar es Salaam na wasomaji wake dhahabu ilikuwa ndoto yenye mvuto mkubwa kuliko katani, kwa sababu koloni la dhahabu lingeleta Wazungu wengi, kama Johannesburg ilivyoleta. Ndoto hiyo haikutimia enzi zao. Mitambo mizito ilikuwa na njia ndefu bila reli, mitaji ya Ujerumani ilisitasita, na mgodi ulihitaji watu walewale ambao mashamba, reli na biashara ya karanga viliwagombania. Dhahabu ya Sekenke ilipata umaarufu mwishoni kabisa: mwaka 1916, koloni likiwa limezingirwa, karakana ya reli ya Tabora iliitumia kugonga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000. Mwamba wa Geita ulibaki ardhini mpaka Waingereza walipoufungua kwa kiwango kikubwa katika miaka ya 1930, wakati ambapo reli ya Tabora hadi Mwanza, inayopita Shinyanga, ilikuwa imeshakamilika tangu 1928. Mtu anayeitazama Geita ya leo, mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000 na wachimbaji wadogo wanaouzunguka, ni rahisi adhani kwamba eneo hili siku zote lilikuwa nchi ya migodi iliyosubiri mitaji. Katika kipindi ninachokizungumza lilikuwa kwanza nchi ya wakulima na wafugaji, na wao ndio waliopanga bei ya kazi.

Je, wao wenyewe hawakuandika? Kiswahili kilikuwa na magazeti yake. Kiongozi lilichapwa katika shule ya serikali ya Tanga kwa karibu miaka yote kumi ya mwisho ya utawala wa Kijerumani. Wakatoliki walikuwa na Rafiki Yangu na Waprotestanti walikuwa na Pwani na Bara, yote mawili kuanzia mwaka 1910. Walioandika katika Kiongozi walikuwa walimu, makarani na maakida waliotawanyika nchi nzima, wakituma habari za mvua, za maradhi, za wageni waliopita, za sikukuu ya Kaisari. Ni hazina, na wanahistoria wa lugha yetu wamelisoma kuliko gazeti la von Roy. Hata hivyo kwa suala la kazi Kiongozi lina mipaka ambayo gazeti la adui halina. Mwandishi wake aliishi kwa mshahara wa boma. Hakuweza kuandika kwamba watu wa wilaya yake wanamkwepa wakala wa vibarua na kwamba wana haki. Kwa hiyo tunapata jambo la ajabu: katika lugha yetu wenyewe mambo hayo yananyamaziwa, na katika Kijerumani yanapigiwa kelele. Upande wa tatu ni masimulizi. Usukuma imewahifadhi wakuu wake kwa mdomo na ngoma. Jina la Ng'wanamalundi, mganga mwenye sifa za miujiza aliyekamatwa na Wajerumani, linajulikana Shinyanga na kila mtoto mpaka leo. Masimulizi hayo yanatupa ujasiri wa watu na hofu yao. Hayatupi bei ya kibarua mwaka 1908. Mwanahistoria anayetegemea kimoja tu kati ya vyanzo hivi vitatu atapata nchi nusu.

Wapo pia wanaolitazama gazeti hili kwa jicho la uandishi wa habari, wakisema kwamba pamoja na ubaya wake wote lilikuwa mwanzo wa uhuru wa vyombo vya habari nchini: mhariri aliyethubutu kumpinga gavana, akalipa gharama yake. Siwezi kukubaliana nao. Uhuru aliopigania von Roy ulikuwa uhuru wa watu elfu chache kuishinikiza serikali iwanyang'anye mamilioni uhuru wao. Gazeti lilipopinga mamlaka, halikupinga kwamba ni makali mno. Lilipinga kwamba si makali vya kutosha. Na tukitafuta nani katika ugomvi ule alikuwa na haki ya kulalamikia serikali kuhusu kazi, kodi na viboko, tutamkuta hana gazeti wala kiti barazani. Mzizi wa uandishi wetu wa habari unatafutika kwa makarani wa Kiongozi, hata walivyofungwa midomo, kuliko kwa mhariri huyo.

Mwisho wa gazeti ulikuja kwa haraka. Vita vilipoanza mwaka 1914 Dar es Salaam ilikuwa wazi kwa mizinga ya manowari za Waingereza, na serikali ikahamia bara, Morogoro. Katikati ya mwaka 1916 mambo yakaporomoka kila upande: Tanga na Mwanza zilitekwa mwezi Julai, Morogoro Agosti, Dar es Salaam na Tabora Septemba. Wapagazi na watu wa magharibi walikuwa wakifa kwa maelfu wakibeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, na hapo mlango wa pili niliousema ulifungwa kabisa. Vita vilichukua kwa nguvu kile ambacho walowezi walishindwa kukipata kwa miaka yote ya amani. Nalisema hili kwa sababu linaonyesha mpaka wa hoja yangu. Nguvu ya mkulima ilitegemea soko na amani, na bila hivyo bunduki ilitosha.

Mtu anaweza kusema basi kwamba gazeti liliuawa na jeshi la Waingereza, na kwamba mkulima wa Shinyanga hakuhusika. Lakini tazama koloni jingine la Wajerumani. Afrika ya Kusini-Magharibi, yaani Namibia ya leo, ilitekwa mapema zaidi, Julai 1915. Huko, mwaka mmoja baada ya kushindwa, tarehe 22 Julai 1916, siku chache baada ya Mwanza kuanguka, gazeti jipya la Kijerumani lilizaliwa Windhoek kwa jina la Der Kriegsbote. Miaka mitatu baadaye likabadili jina kuwa Allgemeine Zeitung, na bado linachapwa Windhoek kwa Kijerumani mpaka leo. Kushindwa vita peke yake hakuui gazeti. Koloni lile lote lilikuwa na Wazungu wapatao 15,000 katika nchi yenye watu wachache, na ardhi na mifugo ya Waherero na Wanama ilikuwa imechukuliwa baada ya vita vya maangamizi vya 1904 hadi 1908. Walowezi walikuwa na mahali pa kubaki, na watawala wapya waliwaacha wengi wao wabaki. Tanganyika Wajerumani walifukuzwa, mashamba yao yakauzwa kama mali ya adui, na waliporuhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925 walikuta nchi ambayo haikuwa tena yao. Waingereza waliweza kuwaondoa kwa wepisi huo kwa sababu walikuwa wachache, na walikuwa wachache kwa sababu koloni halikuwahi kuwa la walowezi, na mojawapo ya sababu zake kubwa ni kwamba pale palipokuwa na watu wengi na ardhi pana, kuanzia Tabora kupita Shinyanga mpaka ufukwe wa Uzinza, wenyeji walibaki na mashamba yao na wakauza mazao yao wenyewe.

Nakala za Deutsch-Ostafrikanische Zeitung zimehifadhiwa, na maktaba ya taifa ya Berlin imeziweka kwenye intaneti, ukurasa kwa ukurasa, kwa zile herufi za Kijerumani za zamani zinazomchosha msomaji. Kijana wa Shinyanga au Geita mwenye simu anaweza kuzifungua leo. Kazi ya kuzisoma kwa ajili ya kanda yetu haijafanywa inavyostahili: kupitia safu za bei, matangazo ya mawakala, barua za walowezi kutoka Mwanza na Tabora, mwaka baada ya mwaka, na kuzilinganisha na kumbukumbu za boma na za misheni ya Ushirombo iliyokuwapo tangu 1891. Inahitaji watu wanaojua Kijerumani na pia wanaojua Kisukuma, kwa sababu majina ya watemi na ya vijiji yameandikwa humo kwa tahajia ya kigeni, na ni mtu wa huko tu anayeweza kuyatambua.